Uzi wa Fundi wa Bodi

Fundi wa bodi haamini macho yake, anaamini uzi. Kila asubuhi huupaka chaki, akalala chali chini ya gari jekundu la mbio, akauvuta kutoka kona hadi kona ya fremu iliyopinda ili uache mstari ulionyooka, akinong'ona kama anayembembeleza mgonjwa. Mwenye gari, mjane aliyeachiwa gari hilo na mumewe, humtazama akiwa wima. Kiti ameletewa, hakikalii. Gereji tatu zimeshamwambia aliuze kama chuma chakavu.

Siku ya tisa fundi alivuta mnyororo alioufunga kwenye fremu mpaka fremu ikaupita mstari wa chaki kwa unene wa kidole.

"Unalipinda upande wa pili!" mjane alipiga kelele.

"Tulia, mama. Chuma kina kiburi. Ukikivuta hadi mstarini tu, ukikiachia kinarudi kwao."

Akalegeza mnyororo. Fremu ikaguna, ikarudi polepole, ikatulia juu ya mstari.

Alasiri, kwenye barabara iliyonyooka, fundi, akiwa kiti cha abiria, alimwambia mjane aachie usukani. Akauachia. Gari likaenda mbele, kushoto halikutaka, kulia halikutaka. Mjane akapiga kigelegele madirisha yakiwa wazi. Fundi alikuwa amefumba macho, anasikiliza matairi.

"Ongeza moto," akasema.