Shukrani ya Mkate wa Kumimina

Tulikuwa wanne, akina mama wawili na watoto wawili, kwenye benchi la zahanati ya Msambweni: mimi na binti yangu wa miaka mitano, jirani yangu Mwislamu, na mwanawe aliye mdogo kuliko wangu. Jirani alifungua kitambaa, akatukatia mkate wa kumimina, ule mtamu wa mchele na nazi. Mwanawe aliupokea kwa mkono wa kulia, akasema "Bismillahi" bila kuambiwa. Wangu alikuwa ameshautia kinywani.

Niliona wivu, wasomaji. Kila Jumapili mimi humpeleka mtoto huyu kanisani, na gauni lake nimelipiga pasi.

Jirani aliushika mkono wa mwanawe taratibu. "Ngoja mwenzio." Kisha akamgeukia binti yangu. "Mwanangu, kwenu mwasemaje kabla ya kula?"

"Kwetu husema baba," alijibu, "wageni wakija."

Jirani hakucheka. "Basi leo sema wewe. Sisi twakungojea."

Binti alitema tonge kiganjani, akafumba macho. "Mungu Baba, asante kwa mkate. Asante kwa mama huyu aliyeupika. Amina."

"Haya, sasa kuleni," akasema jirani, ndipo akauachia mkono wa mwanawe.

Hiyo ilikuwa sala ya kwanza aliyoitunga mwanangu mwenyewe, na mama aliyeshukuriwa si mimi ninayempikia uji kila asubuhi. Kumbe pasi hunyoosha gauni tu.

Jioni ile niliombea chakula kwa sauti, ingawa hatukuwa na mgeni. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa jirani kufundishwa kupika mkate wa kumimina.