Kaveke na Ngoma ya Wageni

"Na Mutiso je? Yeye hakuwa hapo? Kwani hiyo ngoma ilijipiga?"

Kaveke aliwafokea akina mama wa kanisa, wenye walikuwa wamekuja kumwambia, na yeye amefiwa, ati kanisa haitazika mama yake. Wakaangalia chai.

Hapa kijijini kwetu Matinyani wote wanajua kilumi si mchezo. Ni ngoma ya mapepo. Zamani ilipigwa mtu akigonjeka ama mvua ikikataa, na mama yake Kaveke ndiye alikuwa fundi, akamfunza akiwa msichana. Halafu wote wawili wakaokoka. Ngoma ikatupwa stoo, kuku wakaikalia.

Kikundi ya utalii ilipoanzishwa, mwenyekiti akawa Mutiso, mzee wa kanisa hiyo hiyo. Akajia Kaveke, mama ya Mwau, na mdomo ya asali.

"Mama Mwau, wageni wa siku hizi hawataki kuangalia tu. Wanataka kufunzwa wapige wenyewe. Na ni wewe tu umebaki unajua."

"Na pasta?"

"Pasta niachie. Hiyo ni kalcha tu, mila. Pepo gani itapanda mtu wa mjini, wa huko Kilimani?"

Kaveke alicheka, akakubali. Akapasha ngozi moto, akakalia ngoma kama farasi, akawafunza wageni mpaka viganja vikawafura. Kijiji ikakula vizuri siku hiyo. Lakini picha zilitembea kwa simu, moja ikafika kwa pasta.

Kaveke akatolewa kwaya, akatupwa benchi ya nyuma. Mutiso alikuwa mbele na suti yake, anaangalia mabati kama fundi anatafuta mahali inavuja. Kaveke akavumilia.

Sasa mama yake amelala mochari Kitui, na masharti ni haya: Kaveke atubu mbele ya watu, achome ngoma, ndio wazike.

Jana Mutiso akaingia matangani, kofia mkononi. Kaveke alidhani hatimaye mtu amekuja kusema ukweli.

"Pole sana, Mama Mwau. Sasa... Jumamosi kuna basi ya wageni. Unaweza kutuazima ngoma kabla uichome?"

Alimtoa na mwiko ya ugali, ya moto.

Mazishi ni Ijumaa. Wewe mwenye unaimba kwa hiyo kanisa, na ulikula pilau ya wageni ukajipangusa mdomo, wacha kunong'ona. Kuja na jembe, uimbe. Pasta akikataa, mzike huyo mama bila yeye.