Santuri Iliyofichwa Nyuma ya Kwaya za Krismasi

Saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu. Rafu ya chini, upande wa kushoto wa duka la hisani mjini Todmorden, Uingereza, linalouza vitu vya msaada kwa ajili ya hospisi, nyumba ya kutunzia wagonjwa mahututi, ni tupu.

Royston Uttley ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha na anaikodolea macho. Jumamosi jioni rafu hiyo ilikuwa na santuri za kwaya, zimebanana hata kidole hakipenyi. Sasa imefutwa vumbi na kuwekwa kadi moja iliyoandikwa kwa mkono: Pasaka.

Anagonga kioo. Ndani, Bi Edna Fielden, anayejitolea kwenye kaunta, anamwonyesha saa yake ya mkononi na kuendelea kupanga vikombe vyenye picha za sungura.

"Nilidhani ni papara zake za kila siku," anasema Bi Edna. "Kumbe mtu yuko karibu kuzimia."

Royston ana umri wa miaka sitini na tatu. Aliendesha mabasi mpaka mgongo ulipogoma. Tangu hapo anaishi kwa kupita maduka ya hisani ya bonde hili, kutoka Burnley hadi Halifax, akinunua santuri na CD za zamani na kuziuza kila Alhamisi kwenye meza yake katika soko la vitu vya kale. Wiki nzuri humwachia pauni mia na hamsini. Wiki nzuri zimeadimika.

"Zamani adui yangu alikuwa mvua," anasema. "Siku hizi ni simu. Kila mtu anapiga picha jalada, simu inamtajia bei. Kitu kizuri hakifiki hata kwenye rafu. Kinatolewa huko nyuma, kinaenda kuuzwa mtandaoni."

Yeye hatumii simu. Hunusa jalada kwanza, kwa sababu ukungu hauondoki. Kisha huitoa santuri, huilaza kuelekea mwanga, na kusoma namba zilizochongwa karibu na lebo ya katikati, zinazoonyesha ni toleo lipi. Kwa CD hutafuta zilizotengenezwa Japani, zile zenye ukanda wa karatasi ubavuni, ambao watu wengi huutupa wakidhani ni takataka.

Tatizo lake la pili ni uso wake. Beverley Crabtree, meneja wa duka, anaujua vizuri.

"Akibeba kumi, hiyo ni biashara ya kawaida," anasema Beverley. "Akibeba moja huku anajifanya anatazama sufuria, namwambia, lete hapa. Naitafutia bei kabla hajaigusa kaunta. Mimi nina wagonjwa wa kutunza."

Kwa hiyo wawindaji wa santuri wana desturi yao. Ukikuta kitu cha maana na siku si yako, unakificha humo humo dukani, mahali ambapo hapana mtu atakigusa, halafu unarudi zamu ikibadilika. Kila mmoja ana kichaka chake. Cha Royston kilikuwa kwaya.

"Hakuna anayenunua kwaya," anasema. "Unaweza kuficha maiti pale hadi mwaka uishe."

Jumamosi, duka likikaribia kufungwa, aliikuta ndani ya kasha la santuri za hadithi za watoto: santuri ya Wanne wa Lumbutts, waimbaji wanne wa kiwanda cha pamba waliorekodi mara moja tu, mwaka 1971. Zilichapishwa nakala tisini na tisa. Enzi hizo ukifikisha mia, serikali ilidai kodi.

Kwa miaka sita mwanamke mmoja amekuwa akiiulizia mezani pake. Anaitwa Maxine Horsfall, ni mpishi wa shule. Baba yake, Harold, alikuwa mmoja wa wale wanne. Alifariki Maxine akiwa na miezi minane, na hakuacha mkanda wala rekodi nyingine yoyote. Maxine hajawahi kuisikia sauti yake.

"Hata salamu hatoi," anasema Royston, ambaye, kama wazee wengi wa bonde hili, huwaita wateja wa kike mpenzi. "Anafika anauliza, 'Bado?' Namwambia, 'Bado, mpenzi.' Ananunua CD moja ya bei ya chini kwa aibu, anaondoka."

Lebo ya bei ilisema pauni mbili. Lakini kaunta ilikuwa na Beverley, na Jumatatu asubuhi ingekuwa na Bi Edna, ambaye hupokea pesa bila kutazama anachouza. Royston aliitoa santuri, akaikagua, akairudisha kwenye jalada, akaisokomeza nyuma ya kwaya za Krismasi.

Je, angempa Maxine bure? "Ningemtoza," anasema. "Kiasi gani, sikuwa nimeamua."

Ambacho hakukijua ni kwamba jioni ile ile Beverley aliagizwa na wakuu wake apate nafasi ya bidhaa za Pasaka. Aliuliza rafu ipi haiuzi kabisa. Sababu iliyomfanya Royston aiamini rafu ile ndiyo iliyoifanya ifagiwe.

Mlango ulipofunguliwa, aliingia akiongea.

"Kwaya ziko wapi?"

"Na wewe habari za asubuhi, Royston."

"Edna, mama, nakuomba. Kwaya."

"Umeokoka?"

"Ziko wapi?"

"Ziko uani, kwenye makasha. Gari la mabaki limeshafika. Zinakwenda kusagwa."

Uani, dereva alikuwa anafunga milango ya nyuma ya lori. Royston alitia mkono katikati.

"Mzee, toa mkono huo, utaniachia vidole."

"Nipe dakika moja."

"Nina maduka mengine yananisubiri Burnley."

Beverley alitoka na funguo mkononi. Aliutazama mkono wa Royston, kisha uso wake.

"Unatafuta nini kwenye kwaya?"

"Shangazi yangu anazipenda."

"Shangazi yako tumemzika mwaka juzi. Sandwichi nilileta mimi."

Dereva alicheka. Royston hakucheka. Injini ya lori ilikuwa inanguruma, na kila neno alilolikwepa lilikuwa linaisogeza santuri kuelekea kwenye mashine ya kusaga. Akasema yote: kasha la watoto, lebo ya pauni mbili, maficho, Maxine.

Beverley alitia funguo mfukoni. Alimgeukia dereva. "Zima gari."

Walishusha makasha na kuyapekua juu ya sakafu yenye maji, Royston akiwa amepiga magoti, jambo ambalo daktari amemkataza. Krismasi za Wales, Krismasi za watoto wa Leeds, Krismasi za wazima moto. Wanne wa Lumbutts walikuwa chini kabisa ya kasha, pembe ya jalada imekunjika. Alitoa santuri na kuilaza kuelekea mwanga. Ilikuwa nzima.

"Lete," alisema Beverley.

Alibonyeza simu yake kwa muda, kisha akamgeuzia kioo. Nakala ya mwisho iliuzwa pauni mia tatu.

"Nawe ulitaka kunilipa mbili."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya huyo Maxine."

"Yupo kweli, Beverley."

"Wawindaji wote wana Maxine." Aliipachika santuri kwapani. "Mlete. Alhamisi nikifunga duka sijamwona, inakwenda mtandaoni."

Royston hakuwa na namba ya simu ya Maxine, wala hakujua anapoishi.

"Miaka sita, hujawahi hata kumwuliza?" alishangaa Bi Edna.

"Yeye ndiye alikuwa anakuja."

Jumatano usiku alikumbuka jambo jingine: shule zilikuwa zimefungwa kwa Pasaka, na watu wa shule husafiri. Hakulala.

Alhamisi alipanga meza yake mapema kuliko wote. Maxine kwa kawaida hufika saa nane mchana, akishagawa chakula shuleni. Hakufika. Royston alimrudishia mteja mmoja chenji mara mbili, na kumwuzia mwingine jalada lisilo na CD ndani. Kila koti la bluu kama la Maxine lililoingia sokoni lilimfanya asimame.

"Kaa chini, babu wee," alisema Clem Sutcliffe, muuza vifungo wa meza ya pili. "Unanitia kizunguzungu."

"Labda kasafiri."

"Labda kachoka kuambiwa bado."

Saa kumi kasorobo alasiri, meza nyingine zikiwa zinafungwa, Maxine alifika, mwavuli unachuruzika maji.

"Bado?"

Royston alifungua kinywa, jibu lililozoeleka likataka kumtoka lenyewe. "Usikunje mwavuli," alisema. "Twende."

Dukani, Beverley aliileta santuri kutoka ofisini lakini hakuiachia. Maxine alitoa kwenye pochi picha ndogo iliyofifia: wanaume wanne kwenye jukwaa la klabu, glasi mkononi. Kwenye jalada walikuwa wale wale. Beverley alimtazama wa pili kutoka kushoto, kisha akamtazama Maxine.

"Masikio hayo hayo," alisema.

"Lebo inasema mbili," alisema Bi Edna kutoka kwenye kaunta. "Na lebo ni lebo. Wewe mwenyewe ndiye unayetuimbia kila siku."

"Edna, nyamaza."

"Nimenyamaza. Ni mbili."

Beverley alipokea pauni mbili. Maxine alikunja noti kadhaa, akazitumbukiza kwenye kopo la hospisi. Hakuna aliyezihesabu.

"Na wewe," Beverley alimgeukia Royston, "kuanzia sasa kila Jumatatu utakuja kutuchagulia santuri, na bei utazitaja za kweli. Ndiyo faini yako."

"Nami nitakula nini?"

"Utanunua kwa bei hizo, kama watu wengine."

Royston alikubali. Ana mpango wa kuongeza CD za Japani mezani, kwa sababu, anasema, hizo bado simu nyingi hazizijui. Ukweli wa hilo utaonekana kufikia majira ya joto.

Katikati ya duka palikuwa na mashine ya santuri ya mbao inayouzwa, ina kikaratasi cha kusema inafanya kazi. Royston aliweka sindano. Kulikuwa na mikwaruzo, kisha sauti nne zikaingia kwa pamoja.

Maxine alisikiliza, akageuka kushoto, akageuka kulia.

"Ni yupi?" aliuliza.

Royston alivaa miwani, akasoma nyuma ya jalada.

"Besi. Yule mwenye sauti ya chini kabisa, mpenzi. Usimfuate anayeongoza, utampoteza."

Maxine aliweka kiganja juu ya mbao za mashine na kufumba macho. Wimbo ukaisha.

"Nimempata mwishoni," alisema. "Mwishoni tu."

Beverley alikwenda mlangoni, akageuza kibao kisomeke kuwa wamefunga. Akarudi, akainua sindano, akaiweka mwanzo.