Samaki wa Birika

Kila nikitia klorini kwenye tangi letu la plastiki, harufu yake hunirudisha bafuni kwa bibi, kule Mkomani.

Humo mlikuwa na birika la kuwekea maji, lililojengwa kwa chokaa, na ndani yake samaki wadogo kama pingili ya kidole, wenye ubavu unaometa samawati. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Chini kabisa palijengewa bakuli la kauri, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia.

Ndugu yangu mchanga alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Nilitaka maji ya kumkoshea yawe safi, nikamimina kifuniko cha klorini, kisha kingine. Nilipochungulia baadaye, samaki walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Bibi aliwateka mmoja mmoja kwa kata. Hakunigombeza.

"Nyamaa, mwanangu," aliniambia, maana nilikuwa nalia. "Mamako akiuliza, ni mimi niliyetia."

Masika yaliingia kabla hajapata samaki wengine. Birika likajaa viluwiluwi, nyumba ikajaa mbu. Homa ikamshika mtoto, na haikumwacha mpaka tukamzika.

Mama hakumlaumu bibi kwa mdomo. Aliacha tu kula naye sinia moja, hadi bibi naye akafa.

Siku hizi bibi akitajwa, watu husema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Mama huinuka akaenda jikoni. Mimi hubaki pale pale, nikaitikia amina.