Ukurasa Uliompeleka Baba Mkubwa Ng'ambo

Dada yangu mdogo alipoposwa na kijana wa upande wa Kenya, nyumbani waliniachia mimi kazi ya kuwaelekeza wageni. Natengeneza tovuti mjini Tororo, na mama hakuona sababu ya kumtafuta mtu mwingine. "Wewe una kompyuta," alisema. "Waambie watu njia."

Njia zilikuwa mbili. Watu wa bwana harusi wangekusanyika kwenye kituo cha mafuta Busia ya Kenya, wavuke mpaka pamoja, na basi lao liwalete hadi kwetu Buhehe. Watu wetu wa Uganda wangekuja moja kwa moja nyumbani, mapema. Niliogopa kuandika yote hayo mahali pamoja, maana wazee wetu husoma mstari wa kwanza tu na kufunga simu. Nikaona heri nitengeneze ukurasa wa tovuti utakaotambua wenyewe mtu yuko nchi gani, umwonyeshe njia yake.

Nilidhani ni jambo jepesi. Kila simu inayofungua ukurasa huja na anwani yake ya IP, namba ambayo seva lazima iione ili ijue pa kupeleka jibu. Niliandika msimbo mfupi upande wa seva: soma anwani, angalia ni ya nchi gani, toa maelezo. Nikaujaribu kwa simu yangu palepale ofisini, Mwamba wa Tororo nauona dirishani. Ukaniambia niende nikangoje basi Kenya.

Nikaazima simu ya jirani. Kenya. Nikajaribu kwa kompyuta. Kenya. Nilipofungua kumbukumbu za seva nikakuta simu zote mbili na kompyuta zina anwani moja ileile, kana kwamba ni kifaa kimoja. Nilisoma msimbo wangu hadi maneno yakapoteza maana. Baadaye sana ndipo nikagundua kwamba ile haikuwa anwani ya mgeni yeyote. Tovuti yangu ilikaa nyuma ya seva ya kati, inayowapokea watu kwanza ili kurasa zifunguke haraka, nayo ilikuwa Nairobi. Nilikuwa namsoma bawabu nikidhani namsoma mgeni. Anwani ya mgeni ililetwa kwenye mstari mwingine wa ombi la kufungua ukurasa, mstari ambao sikuwahi kuutazama. Nikausoma huo, Tororo ikawa Uganda tena. Nikawatumia jamaa wote kiungo, nikaenda kwa fundi kuchukua gomesi yangu, gauni letu la sherehe.

Msemaji wetu siku ya uchumba alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Anaishi Busia, upande wetu huu, na anauza samaki wakavu. Bila yeye hakuna wa kuwajibu wakwe. Siku ikafika, jua likapanda, hayupo. Nikampigia.

"Baba mkubwa, uko wapi?"

"Niko hapa kwa mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya Kenya. Si ndiyo umeandika? Mimi nangoja basi."

"Lakini wewe ni wetu! Nyumbani unapajua!"

"Napajua, si nilizaliwa hapo? Lakini simu inasema kwenda kwa mafuta. Mimi nikafikiri mmetaka msemaji alete wageni."

Kabla sijamwambia avuke arudi, akawa amekata simu.

Basi la wakwe lilipofika, wa kwanza kushuka alikuwa baba mkubwa, na koti lake la sherehe mkononi. Baba akamkodolea macho. "Kaka, umehamia kwao?"

Vijana walicheka. Shangazi yangu hakucheka. "Amekula mandazi yao njiani," alisema. "Sasa atatusemea nini sisi?"

Wazee wakaenda nyuma ya nyumba kushauriana. Mimi nikakimbilia jikoni kujificha, na huko nikamkuta mama mmoja mpole aliyekuwa akimenya matoke pamoja nasi tangu asubuhi. Kila mmoja wetu alidhani ni jamaa wa mwenzake. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama basi la watu wake limefika. Alikuwa shangazi wa bwana harusi. Ameolewa Tororo, simu yake ni ya Uganda, na ukurasa wangu ukamleta moja kwa moja nyumbani. Alikuwa amesikia kila tulichosema kuhusu urefu wa mpwa wake.

"Ni mfupi kweli," akaniambia, akaendelea kumenya.

Wazee waliamua baba mkubwa atoke nje ya ua, kisha aingie upya kwa miguu, kama mtu wa nyumbani. Akavaa koti, akatoka, akabisha hodi. Baba akamkaribisha kwa jina la babu yao, akaketi upande wetu, na mazungumzo yakaanza. Alisema vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Dada yangu akachumbiwa.

Jioni nilimwomba simu yake. Ndani mlikuwa na laini ya Kenya. "Wateja wangu wako ng'ambo," alinieleza. "Na mnara wao unafika mpaka kitandani kwangu." Kwa hiyo msimbo wangu ulikuwa umesoma sawasawa. Anwani ilikuwa ya Kenya kweli, mtu alikuwa Uganda kweli. Mpaka leo nikieleza jambo hili huanza vizuri, kisha katikati najikanganya.

Kwa ajili ya harusi ya kanisani niliufuta msimbo wote, nikaweka vitufe viwili, Uganda na Kenya, kila mtu achague mwenyewe. Siku hiyohiyo baba mkubwa akanipigia.

"Mwanangu, mimi nabonyeza gani? Usiku wa kuamkia harusi nalala ng'ambo, kwa wakwe. Wamenialika."

Nikamwambia asibonyeze chochote. Nitampitia mwenyewe.