Mashine Iliyoazimwa Balangdalalu

Mchana mmoja pale nyumbani Mogitu sijausahau mpaka leo, mwanangu. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, nami nilikuwa msichana niliyemaliza shule. Babu yako alikuwa amelala baada ya kula, anakoroma, na sisi tulidhani koromo lile ni la mtu aliyeshiba. Mara kimya. Kifua kinainuka, hewa haiingii. Nilisimama na sufuria mkononi, namtazama baba yangu yuko hai na hapumui. Kisha akavuta pumzi kwa kishindo, akaendelea kulala.

Moyo wake ulikuwa mgonjwa tayari, anameza vidonge. Baba yako, yaani kaka yangu, akampeleka hospitali kubwa, wakampima usingizi, wakarudi na mashine. Kisanduku hakizidi redio, kina bomba na kinyago cha kuvaa puani, kinasukuma hewa ili koo lisijifunge mtu akilala. Tukakiunganisha na betri ya sola. Mwanzoni kinyago kilimbana, akanuna, akakivua. Nesi akambadilishia kingine, akamwambia akizoee mchana akisikiliza taarifa ya habari. Akakizoea. Asubuhi moja mama akatuita jikoni, analia na kucheka. "Amepumua usiku kucha," alisema. Sisi watoto tulienda kukitazama kile kisanduku kwa heshima, kama mgeni mkubwa.

Sasa sikiliza alichofanya babu yako alipopata nguvu. Unajua kwetu mwenye ng'ombe wa maziwa humpa rafiki akamkamue, na siku ng'ombe akirudishwa huja na ndama. Rafiki yake, Mzee Gidamis wa Balangdalalu, naye alikuwa anakoroma na kusinzia hovyo mchana. Baba akaifunga mashine kwenye shuka, akampelekea.

"Mimi nimepona," akatuambia. "Na mwenzangu apumzike."

Ulikuwa wema mtupu, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kumpinga. Mvua hazijaisha, miguu ikamvimba baba, akawa analala ameketi, na koromo lile la kukatika likarudi.

Mzee Gidamis akaja kumjulia hali. Nikamwambia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwa baba, aliyesinzia kwenye kiti. Pumzi ikakatika. Mzee yule akanishika mkono kwa nguvu.

"Binti, anakufa?"

"Atarudi," nikasema, na sikuwa na hakika hata kidogo.

Akarudi. Mzee Gidamis aliondoka bila kugusa chai. Kesho yake tukamwona anakuja na shuka lile lile begani, na kibuyu cha asali.

"Ng'ombe wako huyu ni wa zizi moja," akamwambia baba. "Mimi nitaenda kupimwa, nipewe wangu. Asali hii ndiyo ndama wake."

Tulipomrudisha hospitali, daktari naye alisema hivyo hivyo: hewa ya mashine ilipangwa kwa kipimo cha baba, na nafuu aliyoisikia ilitokana na kuivaa. Akamrekebishia na vidonge, maana mashine inalinda pumzi, haichukui nafasi ya dawa za moyo. Tangu hapo babu yako hakulala bila kinyago, hata ule usingizi mfupi wa mchana. Nami kila nilipopita mlangoni nikasikia hewa inaingia na kutoka, nilisimama kidogo. Bado nashangaa kwamba uhai wa mtu mzima namna ile ulikuwa unapita kwenye bomba jembamba.

Leo umeniambia baba yako naye amepewa mashine yake, na ameiweka juu ya kabati kwa sababu anajisikia vizuri. Ishushe, mwanangu. Mwambie nafuu hiyo ndiyo kazi ya mashine. Kinyago kikimbana au pua ikikauka, mrudishe hospitali wamrekebishie, asiamue mwenyewe kuacha. Vidonge vyake ameze. Na mtu akija kuiazima, mpe nauli ya kwenda kupimwa.

Siku mama yako alipokuleta nyumbani ukiwa mchanga, babu yako alikupakata, akacheka mpaka akakohoa. "Gidamis alikosea," akasema. "Ndama wa mashine yangu ni huyu."

Nenda, mwanangu. Mungu akupe usingizi mtamu, na baba yako ampe pumzi ya kuwapakata wanao.