Nyumba Aliyoichagua Akining'inia Kambani

Saa kumi na mbili asubuhi, jua halijapanda vizuri, na mwanamke mmoja mwembamba anarudi kinyumenyume kuelekea ukingo wa paa. Chini yake kuna ghorofa ishirini na sita. Anakaza mkanda kiunoni, anagusa fundo la kamba, kisha anajiachia. Haruki. Anakaa tu hewani, kama mtu anayekaa kwenye kigoda jikoni kwake.

Ukiwa chini barabarani, shingo umeipinda, moyo unakwenda mbio kwa niaba yake. Yeye huko juu ameshachovya brashi na anaimba.

"Popo!" Ni mwenzake anayelinda kamba juu ya paa, kijana aliyetoka nchi moja naye, anamwita kwa jina la utani. "Unaosha au unapiga soga na ndege?"

"Ndege wana adabu kuliko wewe, kaka. Teremsha!"

Kamba inashuka. Maji yanamwagika kwenye kioo, mpira wa kukaushia unapita kutoka juu hadi chini, na ghafla anga nzima imo ndani ya kioo, mawingu na jua lake, naye yumo katikati. Watu wanaokwenda kazini wanasimama. Wengine wanasahau basi.

Huu ni mwaka wake wa tatu ng'ambo. Kwao alikuwa akipiga deki maofisini. Siku moja akaja wakala anayetafuta waosha vioo, akauliza nani haogopi kwenda juu. Akanyoosha mkono.

"Nilidhani juu ni ghorofa ya tatu," anasema huku akicheka. "Siku ya kwanza nililia mpaka ndoo ikajaa."

Mwanawe wa kiume alimwacha mikononi mwa bibi yake, akiwa na miaka minne. Sasa ana saba. Sheria ya huku inamruhusu mtoto kumfuata mzazi, lakini mzazi lazima awe na nyumba. Yeye alikuwa akilala kwenye chumba cha kampuni, wanawake sita, vitanda vya kupandana. Hakulipa kitu, ila mtoto angemlaza wapi? Na shule zikifunguliwa kabla hajapata pa kukaa, basi ni kungoja mwaka mwingine mzima.

Tena kulikuwa na mama yake.

"Mama aliniambia, wewe, mjukuu wangu simtoi mpaka nijue analala wapi. Na akianguka wewe uko kazini, nani atamwona?"

Dalali akamtembeza. Nyumba ya kwanza iko karibu na kazini, imepakwa rangi, inanukia upya.

"Kaka, hii naijua," akamwambia. "Vioo vyake vinatoka jasho kwa ndani. Nyuma ya pazia ukuta umeota kuvu."

Ya pili ina lifti ya kung'aa. Hiyo nayo alishaiosha, na mapazia yake hayafunguliwi hata siku moja. "Mtu akifa humo, watamjua kwa harufu," akasema. Dalali akakuna kichwa. Mteja wa namna hii hakuwahi kumpata.

Ya tatu ni jengo kuukuu ambalo msimamizi wake wa kazi aliwahi kumgombeza kwa sababu ya vioo vyake. Mwenye jengo alilalamika kwamba vioo vimeachwa vichafu. Akarudishwa kambani, akasugua tena, uchafu hautoki. Akasogeza uso karibu. Kumbe ni alama za viganja vya watoto, kwa ndani, chinichini, ghorofa baada ya ghorofa. Mtoto mmoja alikuwa bado ameegemea kioo, mdomo wazi, anamtazama mtu aliyeshuka kutoka mbinguni.

"Nikamwambia msimamizi, bosi, huo uchafu mimi sina dawa yake. Akanuna. Lakini moyoni nikasema, hapa watu wanaishi."

Akachukua vyumba viwili ghorofa ya tano. Kodi inakula nusu ya mshahara, na kwenda kazini ni mabasi mawili. Wenzake wa chumbani walimshika kichwa kuona kama ana homa.

"Popo, unaacha kitanda cha bure?"

"Kitanda hicho hakina mlango wangu."

Likabaki swali la mama. Jirani wa mlango wa pili ni mwanamke anayeshona nyumbani, ana watoto watatu. Jumapili moja akapewa simu, akaonana uso kwa uso na bibi wa mtoto. Lugha hawana hata neno moja la pamoja. Wakatazamana. Kisha jirani akawaleta wanawe mmoja mmoja mbele ya simu, na yule mdogo akafunguliwa mdomo kuonyesha pengo la jino. Kule upande wa pili bibi naye akamvuta mjukuu, akamfungua mdomo. Mjukuu ana mapengo mawili. Wanawake wale wakacheka mpaka simu ikatikisika.

"Haya, mwanangu," mama akasema. "Kata tiketi."

Mtoto atafika wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mwezi unaofuata ni zamu ya kuosha jengo lao, naye ameshaomba apangiwe upande wa dirisha lake. Kijana wa kamba ameahidi kumshusha taratibu.

"Siku simwambii," anasema, akitazama juu. "Atakuwa anakunywa chai yake. Ataona miguu kwanza. Halafu ndoo. Halafu mama yake."